Mama Leche na Papa Queso: Namna Nilipeleka Kiespanyol Mpaka Itebero

Masisi: mudomo wangu

Nianze na ujinga wenyewe, juu najua njo munangojea. Siku ya Mungu, watu wakitoka misa, nilisimama mbele ya kanisa nikasema kwa sauti kwamba miye najua Kiespanyol. Hakuna muntu aliniuliza. Watu walikuwa wanaongea habari ya maharagi na mvua. Patrick wa darasa letu alikuwa anajigamba kwamba mjomba wake iko na simu ya kupiga picha chini ya maji, na miye nikakosa cha kumujibu, juu mjomba wangu hana simu na maji yenyewe anachota kwa jirani. Njo nikatoa Kiespanyol.

Kusema kweli, kitabu nilikuwa nacho. Zamani kilikuwa kitabu kizima, cha kufundisha Kiespanyol kwa njia ya Kifaransa, lakini kilikuwa kimepita kwa Mama Riziki muuza karanga, na yeye alikuwa anakifungia karanga ukurasa kwa ukurasa, akianza nyuma. Nilikiokoa kimebaki sura ya kwanza. Kwa hiyo Kiespanyol yangu ilikuwa sura moja tu: el, la, los, las, na namna ya kujua kama kitu ni mwanaume ao mwanamuke. Kama ulitaka kusema "kitabu" na "meza", Masisi yote hakuna muntu angenishinda. Kama ulitaka kusema kitabu kiko juu ya meza, ulipaswa kumutafuta aliyekula karanga.

Sasa, dada yangu Furaha. Mumoja wenu alitaka kumuoa, sitamutaja. Furaha iko Itebero kule Walikale, anakaa na masista, anataka kuwa mumoja wao. Shirika lao lilitoka nchi za Kiespanyol, na musichana akikubaliwa wanamutuma ngambo, kwenye nyumba yao kubwa, akasomee usista huko. Mukubwa wao, wanamuitaka Madre, anapitaka kusikiliza wasichana. Mara ya kwanza alimuambia Furaha kwamba anaongea vizuri, lakini el na la anazitupa ovyo kama muntu anayetupia kuku mahindi. Akasema atarudi, na akikuta bado ni hivyo, Furaha atarudi nyumbani. Furaha akatutumia sauti kwa simu ya jirani, akilia, akiomba tumutafutie kitabu ao muntu.

Na siku ile mbele ya kanisa Mama alikuwa nyuma yangu, na mwavuli wake. Nilifikiri atanipiga nao. Akaniangalia, akaniuliza kama hizo za el na la ninazijua. Nikasema ninazijua sana. Jioni akafunga fromage nzima ya mviringo, jibini yetu ya Masisi, ndani ya majani na kitenge, fromage ambayo kwetu haijatokaka nyumbani ikiwa nzima, akaniambia kesho nitapanda camion, lori ya Papa Kasereka, nimupelekee Furaha hizo el na la. Shule ilikuwa likizo. Sikupata hata namna ya kukimbia.

Masisi mpaka Nyabiondo: juu ya maharagi

Papa Kasereka ni mucuruzi wa Butembo, Mukatoliki mwenye rozari kwenye kioo, na camion yake iko na tabia mbaya kuliko yangu. Tulipaswa kutoka asubuhi. Kwanza tairi ikakosekana. Tairi ikapatikana, lakini mwenye pompi alikuwa kwenye kilio, basi tukangoja wamalize kulia. Jua lilikuwa kali tulipopanda juu ya magunia ya maharagi: miye, fromage, Mama Neema na kuku zake, na watu wengine waliolala mara moja kama wamelipia kitanda.

Kwenye kilima cha kwanza camion ikazima. Convoyeur, musaidizi wa dereva, akaruka kuweka jiwe nyuma ya tairi, na Papa Kasereka akafungua mbele akaangalia ndani kama muntu anayechungulia sufuria ya jirani. Tukangoja. Nikatoa kitabu changu nijikumbushe, na Mama Neema akataka kujua ninasoma nini, na miye munanijua.

Nikamuelezea kwamba Kiespanyol iko kama Kifaransa, kila kitu kina jinsia yake. El libro, kitabu, ni mwanaume. La mesa, meza, ni mwanamuke. Vikiwa vingi unasema los libros, las mesas. Mara nyingi mwisho wa neno unakuambia: o ni mwanaume, a ni mwanamuke. Mara nyingi. Halafu unakutana na la mano, mukono, mwanamuke aliyevaa o, na nyuma yake el día, siku, el mapa, ramani, na el problema, wanaume watatu wamevaa a bila haya.

Mama Neema akauliza ni nani aliinama chini ya meza kuangalia.

Ile swali ilikuwa inanisumbua hata miye, juu sura ya kwanza ilikuwa haisemi kwa nini. Papa Kasereka akatoa kichwa ndani ya mashini, mafuta mpaka kwenye nyusi.

"Kwetu mutoto mwanaume wa tatu ni Kasereka," akasema. "Wa ine ni Kakule. Musichana wa kwanza, Masika. Ulisikiaka mutoto anauliza kwa nini?"

"Hapana, Papa."

"Bon. Na meza isiulize."

Akarudisha kichwa ndani. Miye nikabaki nimekaa juu ya maharagi, na kichwani mwangu kitu kikafunguka, juu nilikuwa nimemuita Papa bila kufikiri. Kwetu nani anaitaka muntu mukubwa kwa jina tupu? Ni Papa Kasereka, Mama Neema, Mama Riziki. Ukimusahau Papa mbele, jina lote limeharibika na kofi iko njiani. Basi el ni Papa, la ni Mama. Usijifunze "libro", jifunze Papa Libro. Usijifunze "mesa", jifunze Mama Mesa. Neno ukilipokea na heshima yake tangu mwanzo, halitakuja kukuuliza baadaye wewe ni nani.

Shida ilibaki moja, na ni shida ya sisi tuliolelewa na Kifaransa. Mwalimu wetu alitupigia le lait, maziwa, mwanaume. Kitabu changu kikasema la leche, mwanamuke. Chumvi, le sel, nayo inavuka mupaka inakuwa la sal. Nikauliza watu wa magunia tumuamini nani.

"Hao wa Espanya njo walikamua ngombe," Mama Neema akasema. "Wafaransa walikamua nini?"

Waliolala wote wakaamuka kucheka. Na fromage kwa Kiespanyol ni el queso, mwanaume, kwa hiyo tukakubaliana kwamba Mama Leche alimuzaa Papa Queso, na kwamba mutoto amefanana na ukoo wa baba. Tulipoingia Nyabiondo, kuku za Mama Neema zilikuwa zinaitwa Mama Gallina, kiatu cha convoyeur Papa Zapato, na Papa Sol, jua lenyewe, alikuwa anashuka nyuma ya mulima.

Mpofi: baraka ya chakula

Kabla ya Mpofi kulikuwa kamba njiani, na kijana mwenye bunduki pembeni ya kamba. Akauliza nini iko ndani ya ile kitu ya mviringo. Nikamuambia fromage. Watu wote wanasemaka fromage, akajibu, akafungua kitenge mwenyewe. Akanusa. Akafunga mwenyewe, vizuri kuliko Mama. Halafu akauliza kazi yangu, na mudomo wangu ukamujibu kwamba ni mwalimu wa Kiespanyol. Akataka kujua bunduki wanaitaje. Nikamuambia hiyo iko sura ya pili. Akakubali kwa kichwa kama muntu ambaye naye aliacha shule kwenye sura ya kwanza, akashusha kamba.

Mpofi camion ikazama ndani ya matope mpaka mulango. Wanaume wakachukua mapauro ya kuchimba, miye nikachukua njaa yangu mpaka kwa Mama Wivine, mwenye kuuza bugali, sombe ya majani ya muhogo na makayabu, samaki ya chumvi. Papa Kasereka alikuwa ametangulia kuniingiza kwa sifa: huyu mutoto ni mwalimu wa Kiespanyol, anaenda kufundisha masista. Yeye alidhani ananisaidia. Watu wakasikia "masista" wakaelewa miye ni mufratri, anayesomea upadri. Katekista wa pale, muzee mwenye koti nzito, akasimama, akavua kofia, akaniomba nibariki chakula kwa ile luga.

Fikirini. Sombe inapoa, macho yote yamefungwa, na Kiespanyol yangu haina kitenzi hata kimoja. Nikafunga macho vilevile, nikanyoosha mikono, nikaanza polepole:

"El día, la mano. El problema, la leche. Los días, las manos, los problemas. El queso."

"Amina," wakajibu wote.

Katekista akaniambia kwamba kwenye "los problemas" alisikia kitu ndani ya kifua. Mama Wivine akaniongezea makayabu. Halafu bibi mumoja akaja ananionyesha goti lake linalomuuma wakati wa mvua, na sikuwa na ubaya wa kumukatalia, nikaliombea kwa wingi: las, las, las. Asubuhi alipita mbele ya camion akitembea vizuri sana. Sijigambi, ninasema tu kile nilichoona.

Walikale mpaka Itebero: ni hapa tu

Camion iliishia Walikale. Njia ya Itebero pikipiki zilikuwa hazipiti, juu mbao za daraja ziliondoka na hakuna aliyejua zilienda wapi, hata wale waliokuwa na milango mipya. Nikatembea na Papa Musafiri, muntu wa kubeba mafuta ya mawese, aliyekuwa anarudi na mabidon matupu. Baada ya kilima cha kwanza akanionea huruma, tukabadilishana: yeye fromage, miye mabidon. Nilifurahi mpaka nilipoelewa kwamba mabidon matupu yanapiga kelele, na kwamba pori lote la Walikale limejua ninakuja.

Kila tuliyekutana naye nilimuuliza kama Itebero iko mbali. Kila mumoja akasema ni hapa tu, nyuma ya kona. Nimejifunza kwamba Walikale hawadanganyi: iko nyuma ya kona kweli. Hawakuambii kona gani. Mvua ikanyesha, ikapumzika, ikanyesha. Tulikula kipande cha fromage chini ya jani la ndizi, kidogo tu, upande ambao Furaha hangeuona.

Papa Musafiri hakuwa muntu wa maneno. Lakini aliniuliza ninaenda kufanya nini, nikamuelezea yote, Madre, el na la, ngambo. Akatembea kidogo.

"Mama yenu iko na binti mwingine?"

"Hapana, Papa. Ni yeye na miye tu."

"Na anakutuma weye umusaidie aende."

Nikasema ndiyo. Akahamisha fromage bega lingine, akaongeza mwendo.

Itebero: mukubwa hakosi

Furaha alinipokea kwa kulia, halafu akauliza kitabu kiko wapi, nikamuonyesha sura yangu moja, akalia tena namna ingine. Walikuwa wasichana watatu, yeye na Espérance na Zawadi, na wote watatu waliongea Kiespanyol ya vitenzi, ile iliyoenda na karanga. Kile walichokosa ni kile tu nilichokuwa nacho. Mungu naye anapendaka mizaha.

Tukafundishana jikoni, wakitwanga sombe. Nilipiga kila kitu kidole nao wakajibu: Papa Cuchillo, kisu, Mama Sal, Mama Mano, usimuangalie nguo, Papa Problema, vilevile. Tulifika kwa maji. Maji, agua, ni Mama kabisa, lakini akiwa peke yake anavaa koti ya Papa, el agua, juu "la agua" a mbili zingegongana mulangoni. Wakiwa wengi wanavua koti: las aguas. Mupishi wao, Mama Vumilia, akasema hata yeye anavaaka koti ya bwana yake wakati wa mvua na hakuna aliyemuita Papa. Furaha alicheka, na nikaona kwamba ameshika. Madre alipofika, Furaha alikuwa anaita mpaka chungu kwa heshima.

Madre alifika na matope mpaka kwenye miwani. Mwanamuke mudogo, nywele nyeupe, Kifaransa yake kama yangu, ya kuomba samahani kila neno la tatu. Nilimupenda. Asubuhi akawaita wasichana kwenye chumba cha kulia, miye nikabaki jikoni na Mama Vumilia, karibu na lile dirisha la kupitishia sahani, na sahani zilichelewa sana kupita siku ile.

Furaha aliitwa wa kwanza. Madre aliweka mezani maziwa, chumvi, kisu, maji na kipande cha fromage yetu. Akainua kikombe.

"El leche?" akauliza.

Nikasikia vibaya masikioni. Kwake maziwa ni Mama, anajua kuliko sisi wote. Nikaangalia uso wake, nikaelewa: alikuwa anakosa makusudi, Furaha amurekebishe. Kwao njo namna ya kupima muntu. Alidhani haina haja ya kueleza.

Furaha akainamisha kichwa, akasema ndiyo: "Sí, Madre."

"La queso?"

"Sí, Madre."

"El mano?"

"Sí, Madre."

Wasiotoka kwetu hawataelewa, lakini nyinyi munaelewa. Mukubwa hakosi. Abbé, padri wetu, siku moja alikosea akasoma Injili ya juma lililopita, kanisa nzima tukajibu, na wengine wakatoka wanasema leo imegusa. Furaha alijua yote. Nilikuwa naona mikono yake nyuma ya mugongo, vidole vinabanana. Lakini kumuambia mama mwenye nywele nyeupe, mugeni, ametoka mbali hivyo, kwamba amekosa mbele ya watu? Afazali kurudi nyumbani. Na njo kulikuwa kurudi nyumbani, juu Madre alishusha kikombe, akavuta pumzi ndefu, akaanza kumuangalia kwa huruma.

"La!" nikalia kupitia dirisha. "La leche! La!"

Nililia kama muntu anayefukuza mbuzi kwenye shamba. Mama Vumilia akanishika sikio, lakini Madre alikuwa amekwisha kugeuka, na akanikunjia kidole niingie. Nikaingia na sikio langu jekundu. Nikamuelezea kwa Kifaransa ile niliyokuwa nayo kwamba dada yangu anajua, wote wanajua, isipokuwa kwetu muntu harekebishi mukubwa, na kwamba miye nimeweza juu sina adabu, anaweza kuuliza Masisi yote.

Madre akamuuliza Furaha kama ni kweli.

"Sí, Madre," Furaha akasema.

Na hapo nikaona tumeharibika, juu angejibu hivyo hata kama Madre angemuuliza kama yeye ni mbuzi. Madre naye akaliona. Akakaa. Akafikiri. Kisha akamuuliza polepole: nyumbani, mama yako akizidisha chumvi ndani ya mboga, unamuambia nini?

Furaha akaniangalia, kama vile kuniomba ruhusa ya kutoa siri za jiko letu.

"Siwezi kumuambia amezidisha," akasema. "Nasemaka: Mama, tuongeze maji kidogo, kama vile ulitaka."

Madre akanyoosha mukono, akainua tena kikombe, na uso wake haukucheka hata kidogo.

"El leche."

"Sí, Madre," Furaha akajibu. "La leche, como usted dijo."

La leche, kama vile ulisema. Madre akainua fromage: la queso. Ndiyo, Madre, el queso, kama vile ulisema. Mukono, chumvi, kisu, siku, tatizo, kila kitu Madre alikiharibu na Furaha akakirudisha kizima mikononi mwake, kama vile mwenyewe ndiye alikitengeneza. Mwisho Madre akachukua maji, na nikajua huo ni mutego, nikauma ulimi.

"La agua."

"Sí, Madre. El agua, como usted dijo." Furaha akapumua. "Y las aguas, como usted va a decir."

Yaani: na las aguas, kama vile unavyoenda kusema. Madre alitoa miwani, akaiweka mezani, akacheka mpaka akashika kifua. Espérance na Zawadi walifuata njia ileile, na miye nikarudishwa jikoni kuosha sahani.

Mvua zikipunguka, Furaha atapanda ndege. Alikuja jikoni kuniambia, akanishika mabega yote mawili. Halafu akauliza Mama alisema nini nilipokuwa ninatoka. Nikamuambia hakusema kitu, alifunga tu fromage nzima. Furaha akakaa juu ya kuni, akalia muda mrefu. Nilidhani ni furaha. Kabla sijaondoka akaniambia nikifika nisiseme mara moja. Ningoje Mama akule kwanza, ndipo nimuambie polepole.

Kurudi

Safari ya kurudi haina kitu, camion haikufa hata mara moja, inachosha kusimulia. Juu ya mabidon ya mawese nilisimulia ushindi wetu kwa kila aliyepanda, na kila mara Madre alikuwa anacheka zaidi. Mpofi nilijificha chini ya bache, turubai ya camion, kwa sababu ya yule bibi wa goti.

Nilimukuta Mama mbele ya mulango, anachambua maharagi. Sikungoja akule. Munanijua. Nilisimama palepale na muzigo mugongoni, nikamufanyia yote na sauti zake: "Sí, Madre", na lile "La!" langu, na miwani mezani. Nilimufanyia mpaka Papa Musafiri na mabidon yake. Jirani walikuja kusikiliza, wakacheka, wakanipongeza, wakaenda.

Mama alikuwa hajacheka. Akauliza kama huko ngambo kuna baridi. Nikasema sijui. Akauliza kama Furaha alikula fromage. Nikasema alikula. Akaendelea kuchambua, na nikaona kwamba maharagi mabaya anayarudisha kwenye mazuri.

"Hapa Masisi walimu iko wengi," akasema. "Nilituma weye juu nilijua hautaweza."